Lipu mpya inabanduka kwenye mahakama ya mawe

SWALI: Mahakama yetu ya mwanzo ipo kwenye jengo la mawe la enzi za Wajerumani. Tulipiga lipu ya saruji, sasa inabanduka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno na kutoa unga mweupe. Fundi anataka kuongeza saruji. Sawa?
Msomaji, Iringa mjini

JIBU: Hapana, mzuieni. Kuta nene za namna hiyo kwa kawaida zilijengwa kwa chokaa au udongo, bila tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi. Maji hupanda kutoka ardhini na kutokea usoni pa ukuta. Saruji inayaziba, yanapanda zaidi, chumvi inakauka nyuma ya lipu na kuisukuma. Huo unga ndiyo chumvi yenyewe.

Bandueni yote hadi kwenye jiwe. Kwangueni viungo sentimita 2 au 3, pigeni brashi kavu (msimwage maji, chumvi itarudi ndani), kisha acheni ukuta upumue kiangazi kizima. Lipu mpya: ndoo 1 ya chokaa iliyozimwa kwa ndoo 3 za mchanga safi wenye chenga. Loanisheni kidogo, pigeni matabaka yasiyozidi milimita 10. Upepo wa Iringa hukausha haraka na lipu hupasuka, basi funikeni kwa magunia mabichi siku kadhaa. Malizieni kwa chokaa; rangi ya plastiki ni saruji kwa jina lingine.

Nje, shusheni udongo sentimita 15 chini ya sakafu na tengenezeni mifereji ya paa. Bila hilo, mtabandua tena.