Satyajit Ray, mtoto wa kiwanda cha uchapaji

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni mwongozaji gani wa filamu kutoka nje ya Afrika ambaye vijana wetu wanaoshika kamera wangefaidika kumjua, na kwa lipi? Najua wengi watawajibu kwa majina ya Hollywood na Korea. Wachache watataja Mumbai, maana huku kwetu ukisema picha la Kihindi mtu anawaza nyimbo, machozi na stelingi asiyeingia risasi. Mimi namtaja Mhindi wa aina nyingine kabisa: Satyajit Ray, Mbengali wa Calcutta, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1921 na kufariki tarehe 23 Aprili 1992.

Sababu yangu naisema mapema. Habari za Ray husimuliwa kwa namna moja: kijana asiye na pesa aliweka rehani vito vya mkewe, akatengeneza filamu ya kwanza na watu wasio na uzoefu, dunia ikampigia makofi. Yote hayo yalitokea. Lakini kijana akiambiwa hayo tu, anaondoka akiamini kwamba nia inatosha. Mimi riziki yangu ni kuhariri video za harusi na sherehe, na kila wiki naletewa kazi za watu wenye nia tele. Ray alikuwa na kitu cha ziada. Kabla hajagusa kamera, alikuwa amekula miaka na penseli na karatasi.

Kwao karatasi ilikuwa ndiyo kazi ya ukoo. Babu yake, Upendrakishore Ray, alikuwa mwandishi, mchoraji na mchapaji aliyebobea katika kuchapa picha kwa vitone, fani ambayo aliiandikia makala zilizochapishwa hadi Uingereza. Mwaka 1913 alianzisha jarida la watoto liitwalo Sandesh. Baba, Sukumar Ray, alitunga mashairi ya mzaha ambayo watoto wa Kibengali wanayakariri mpaka leo. Mitambo ilikuwa katika nyumba hiyo hiyo ya barabara ya Garpar walimoishi. Sukumar aliuawa na ugonjwa wa kala-azar mwaka 1923, mtoto hajatimiza miaka mitatu. Kampuni ya uchapaji ya familia ikafilisika, nyumba ikawatoka, mama na mwanawe wakahamia kwa mjomba.

Alisoma uchumi Presidency College bila kuupenda, kisha akaenda kujifunza uchoraji Santiniketan, kwenye taasisi ya mshairi Rabindranath Tagore. Mwaka 1943 aliajiriwa na D. J. Keymer, kampuni ya matangazo ya Waingereza mjini Calcutta, kwa mshahara wa rupia 80 kwa mwezi. Pembeni alikuwa akichora majalada ya vitabu vya Signet Press. Hapo ndipo alipopewa toleo fupi la riwaya ya Bibhutibhushan Bandyopadhyay, Pather Panchali, alichoree picha. Yaani filamu iliyomletea jina, aliichora kwanza kama kitabu cha watoto, miaka kabla hajapata hata futi moja ya filamu.

Mwaka 1947 yeye na wenzake walianzisha chama cha kutazama filamu mjini Calcutta. Mwaka 1949 mwongozaji Mfaransa Jean Renoir alifika Bengal kuandaa filamu, Ray akawa anamzungusha kutafuta mandhari. Mwaka 1950 waajiri wake walimpeleka London, na katika miezi michache aliyokaa huko alitazama karibu filamu 100. Bicycle Thieves ya Mwitaliano Vittorio De Sica ndiyo iliyomfanya akate shauri: watu wa kawaida, barabara za kweli, pesa kidogo. Akiwa melini kurudi nyumbani alianza kuipanga filamu yake.

Sasa tazameni kazi yenyewe. Pather Panchali haikuwa na muswada wa kawaida. Alikuwa na daftari la michoro, tukio kwa tukio, na hilo ndilo alilowapelekea wenye fedha, wakamtazama wasimwelewe. Siku ya kwanza ya kupiga picha ilikuwa tarehe 27 Oktoba 1952, katika uwanja uliojaa maua meupe ya kaash, pale watoto Apu na Durga wanapoliona treni. Walipiga nusu tu ya tukio. Kwa kuwa Ray alikuwa bado mwajiriwa, wakarudi wikiendi iliyofuata, wakakuta ng'ombe wamekula maua yote. Ilibidi wangoje msimu mwingine uchanue.

Na mambo yaliendelea hivyo hivyo. Fedha zilikatika, kazi ikasimama kwa miezi. Mzee aliyeigiza muuza peremende akafariki katikati, wakamtafuta mwingine mwenye umbo kama lake na kumpiga picha kwa mgongoni. Mbwa naye akafa, akaletwa anayefanana naye. Katika tukio lile la muuza peremende anapita, watoto wanamfuata, mbwa nyuma yao, na wote wanaonekana kichwa chini miguu juu kwenye maji ya bwawa, mbwa alikuwa anafuata kipande cha tamu ambacho Durga alikishika nyuma ya mgongo. Mtazamaji haoni kiungo chochote. Kinachonishangaza mimi mhariri ni kwamba picha zilizopigwa kwa kupishana miaka zinashikana bila mshono kuonekana. Sababu ni michoro ile. Kila kipande kilikuwa na mahali pake kabla hakijapigwa.

Fedha za kumalizia zilitoka serikali ya jimbo la West Bengal, na husimuliwa kwamba kwenye vitabu vya hesabu ziliandikwa ni za kuboresha barabara, kwa kuwa jina la filamu lilitaja njia. Mpiga sitar Ravi Shankar aliupiga muziki katika kikao kimoja cha usiku. Filamu ilionyeshwa New York, Mei 1955, na Calcutta mwezi Agosti mwaka huo. Mwaka uliofuata ikapewa tuzo katika tamasha la filamu la Cannes. Ya pili katika mfululizo wa Apu, Aparajito, ilichukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, mwaka 1957. Tuzo zilizofuata nawaachia wenye kupenda kuhesabu.

Jambo moja la Aparajito sitaliacha, wapiga picha watanielewa. Nyumba ya familia mjini Benares, yenye ua katikati, ilijengwa studio kwa hofu ya mvua za masika. Taa za studio za wakati ule zilitupa vivuli vikali ukutani, wakati mwanga wa uani unashuka kutoka angani bila kivuli chochote. Mpiga picha Subrata Mitra, kijana aliyeanza na Ray akiwa na miaka 21 bila kuwahi kushika kamera ya sinema, alitandaza kitambaa cheupe juu ya ua, akazigeuza taa zikapiga kitambaa badala ya waigizaji, mwanga ukarudi chini ukiwa laini. Leo kila mpiga picha wa harusi anayegeuzia taa darini anafanya jambo hilo hilo.

Kwangu kilele ni Charulata, ya mwaka 1964, kutoka hadithi ya Tagore. Dakika za mwanzo karibu hazina neno. Mwanamke wa nyumba ya kitajiri, Charu, anadarizi herufi B kwenye leso ya mumewe Bhupati. Anaiweka. Anachukua kitabu, anakiacha. Nje kunasikika ngoma ya mchezesha nyani. Anachukua darubini ndogo, anakimbia dirisha hadi dirisha akichungulia katikati ya mbao za madirisha: nyani, wabeba machela, bwana mnene na mwavuli. Kisha mumewe anapita ushorobani, macho kitabuni, karibu amguse, asimwone. Charu anainua darubini ile ile na kumtazama mume akienda zake. Hakuna aliyesema kwamba ndoa hii ina upweke. Watengenezaji wetu wangeweka hapo sauti ya msimulizi na kinanda cha huzuni, nami nimewahi kulipwa niweke hivyo hivyo.

Na huyo Bhupati ana gazeti, mtambo wa kuchapa ukiwa humo humo nyumbani, na harufu ya wino ndiyo mapenzi yake. Mtoto wa Garpar alijua anachora nini.

Kufikia hapo Ray alikuwa anafanya karibu kila kitu mwenyewe: aliandika, alichora mavazi na mabango, tangu 1961 alitunga muziki, na alishika kamera kwa mkono wake. Alibuni hata aina za herufi za Kirumi. Mipango yote aliiweka kwenye madaftari yenye jalada la kitambaa chekundu, yale yale ambayo wenye maduka wa Calcutta wanaandikia mahesabu. Mwaka 1961 alilifufua jarida la babu, Sandesh, akawaandikia watoto hadithi za mpelelezi Feluda na za Profesa Shonku, na inasemekana vitabu hivyo ndivyo vilivyomlisha kuliko filamu. Mwaka 1969 alichukua hadithi ya babu yake akatengeneza Goopy Gyne Bagha Byne, yenye nyimbo za kutosha, watoto wa Bengal wakajaa kumbini kwa miezi.

Hakukosa wa kumlaumu. Mwaka 1980 mwigizaji Nargis, yule wa filamu ya Mother India ambaye wazee wetu wa pwani wanamkumbuka, akiwa mbunge, alimshutumu kwamba anauza umaskini wa India nje. Nargis alipoulizwa Ray aonyeshe nini cha India ya kisasa, akajibu mabwawa. Lawama hiyo tunaijua huku pia, kila filamu yetu yenye nyumba ya makuti ikipata tuzo Ulaya. Lakini ukitazama orodha ya filamu za Ray unakuta makarani, mameneja, waigizaji maarufu, wakubwa wa Lucknow wanaocheza sataranji huku Waingereza wanachukua nchi. Kijiji ni sehemu ndogo.

Si kwamba hana udhaifu. Baada ya mshtuko wa moyo mwaka 1983 madaktari walimtaka afanye kazi ndani ya studio tu, na Ganashatru ya mwaka 1989 ni watu wanaongea vyumbani mpaka unachoka. Tuzo ya Oscar ya heshima ilimfikia mwaka 1992 akiwa kitandani hospitalini, wiki chache kabla ya kufa. Mwaka uliofuata moto wa maabara moja London uliteketeza negativu, yaani mikanda ya asili, za filamu zake kadhaa, na kazi ya kuziokoa ilichukua miaka mingi. Ndiyo maana leo Apu anaonekana safi kuliko alivyoonekana kwa wazazi wetu.

Kwa kijana anayetaka kuanza, ushauri wangu ni asianze na Pather Panchali. Aanze na Mahanagar, ya 1963: mke wa karani wa benki anaanza kuuza mashine za kufuma nyumba kwa nyumba, mume anakuta rangi ya mdomo kwenye mkoba wake, siku chache baadaye benki ya mume inaanguka na mshahara wa mke ndio unaobaki. Familia hiyo ataitambua bila tafsiri. Kisha Charulata, akiwa na penseli mkononi, asimamishe kila picha aichore. Kijijini kwa Apu aende mwisho.