Ukuta wa moyo ukionekana hauchezi kwa eko

Wadogo zangu mnaoanza kazi wodini hapa Kisumu, kuna kitu natamani ningeambiwa wiki yangu ya kwanza: ukuta wa moyo usiocheza kwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, unaweza kuwa mzima bado.

Kuna mzee aliletwa kutoka Ahero, kifua kimembana tangu alfajiri, tukampa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, maumivu yakashuka, laini za ECG, kipimo cha umeme wa moyo, zilizokuwa zimeinuka zikarudi chini vizuri, kesho yake akapigwa eko na ukuta wa mbele umetulia tuli, moyo unasukuma asilimia 30 tu ya damu inayoujaza kila pigo. Mwenzetu akamwambia binti yake palepale kwa korido ati upande huo umekufa. Binti alikuwa na thamosi ya uji mkononi, akaiweka chini polepole, hakuuliza kitu. Wiki ya 6 mzee akarudi kliniki, eko ikasoma asilimia 45 na ukuta ni uleule, sasa unasukuma. Mpaka leo huwa nawaza huyo binti alilala vipi hizo wiki zote.

Mshipa wa damu wa moyo ukiziba, kama dakika 20 hivi za kwanza msuli unaumia lakini haujafa, baada ya hapo ndio unaanza kufa kutoka ndani kuja nje, saa baada ya saa. Damu ikirudi mapema ule uliopona haurudi kazini siku hiyohiyo, unakaa kama mguu uliokufa ganzi, siku kadhaa, hata wiki. Madaktari wa moyo Braunwald na Kloner huko Marekani waliueleza msuli huu uliolala mwaka 1982.

Kwa hivyo mgonjwa wa kifua akifika, ECG ndani ya dakika 10, laini zikiwa zimeinuka wazi usingoje majibu ya troponini, kile kipimo cha damu cha msuli wa moyo ulioumia, ndio uanze matibabu, aspirini 300 mg atafune. Msuli unaokolewa hapo.

Damu ikishafunguka monita inaweza kuanza midundo mipana ya kutisha, 70 au 80 kwa dakika, lakini kama presha iko sawa na mgonjwa anaongea na wewe, mara nyingi inaisha yenyewe. Ita mkubwa wako aone, kaa naye, usikimbilie dawa ya kuizima.

Na akienda nyumbani usimpe karatasi tu. Wengi huacha dawa mwezi wa kwanza ukiisha juu kifua hakiumi tena, na ndio wakati msuli unajijenga, kwa hivyo mweleze kwa lugha anayoskia vizuri, mwandikie tarehe ya eko ingine, na aliye na thamosi umwambie ukweli: sehemu hii imelala, tutaiangalia tena wiki ya sita, mje naye.