Msaada unaoanzia kwenye daftari la matumizi

Swali la wiki hii lilikuwa: ni kiongozi gani wa dini wa zama zetu ambaye mafundisho yake yamezaa msaada unaoonekana kwa watu, na yaliuzaaje? Mimi namtaja Pramukh Swami Maharaj wa Gujarat, India. Alizaliwa kijiji cha Chansad mwaka 1921, akawekwa kuwa rais wa jumuiya ya Wahindu iitwayo BAPS mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka 28, akawa guru wake, yaani kiongozi wake mkuu wa kiroho, mwaka 1971, na akafariki Sarangpur tarehe 13 Agosti 2016. Huku kwetu jumuiya hiyo inajulikana zaidi kwa mahekalu yake: la Mombasa lilizinduliwa mwaka 1955 na guru aliyemtangulia, Yogiji Maharaj, na lile la mawe ya kuchonga la Nairobi alilizindua yeye mwenyewe mwaka 1999. Hekalu linavuta macho, sawa. Ila anayetaka kujua msaada unatoka wapi aanzie sebuleni kwa muumini wa kawaida.

Msingi wa yote ni kitabu kidogo cha aya 212, Shikshapatri, kilichoandikwa na Swaminarayan, mwanzilishi wa mapokeo ya dini ambayo BAPS inayafuata, huko Vadtal, Gujarat, mwaka 1826. Msomaji anayetarajia mambo ya mbinguni tu atashangaa. Kitabu kinamwagiza muumini aandike kila siku mapato na matumizi yake kwa mkono wake mwenyewe. Asitumie kupita kipato chake. Asiuziane shamba wala kukopeshana fedha bila maandishi na mashahidi, hata kama anayeshughulika naye ni rafiki au mwanawe wa kumzaa. Aweke akiba ya nafaka kadiri ya uwezo wake, na mwenye mifugo aweke na majani yao. Kisha atoe fungu la kumi la pato lake, na asiyejiweza atoe moja ya ishirini.

Pramukh Swami hakubuni dini mpya. Alichofanya ni kuhakikisha maagizo hayo yanafuatwa, nyumba kwa nyumba. Jumuiya yake inahesabu kwamba alifika katika vijiji na miji zaidi ya 17,000, akaingia nyumba zaidi ya 250,000, na akaandika barua zaidi ya 700,000 kuwajibu watu waliomwandikia kuhusu ndoa, madeni, visima na watoto waliokataa shule. Kauli aliyoirudia mno ni kwamba katika furaha ya wengine ndimo iliko furaha yetu.

Muumini wa kawaida, mwenye maisha ya kifamilia, ana ahadi tano: haguzi pombe, hali nyama, haibi, hazini, na hulinda usafi wa mwili na wa mwenendo. Tumbaku nayo haigusi, iwe ya sigara, ya ugoro au ya kutafuna. Ahadi hutolewa hivi: sadhu, yaani mtawa wa kiume wa jumuiya, humimina maji kidogo kwenye kiganja cha kulia cha mtu, mtu anatamka maneno ya kujikabidhi kwa Mungu, kisha anayaachia maji yale. Baada ya hapo huvaa shingoni mkufu wa shanga ndogo za mti, wenye nyuzi mbili. Hakuna ahadi ya kupunguza. Kinachoahidiwa ni kuacha kabisa. Anayerudi nyuma mara nyingi ni yule aliyeahidi kisha jioni akarudi kijiweni kwa wenzake walewale, kwa hiyo muumini mpya huvutwa mapema kwenye mkutano wa kila wiki apate wenzake wengine. Na hapa ndipo hesabu inapokaa sawa: fedha zilizokuwa zikiishia kwenye chupa na tumbaku zinaonekana kwenye daftari, na fungu la kumi linapata mahali pa kutoka.

Agizo jingine la Pramukh Swami, ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote, ni kikao cha familia, wanachokiita ghar sabha. Ni angalau mara moja kwa wiki, siku ileile, saa ileile, wote wakiwepo. Huanza kwa sala au wimbo wa dini, husomwa kipande kifupi cha maandiko, kila mtu pamoja na watoto huzungumzia alichokielewa, kisha yanaingia mambo ya nyumba: nani ana mtihani, nani amekwama kazini, nani hasemi na nani. Nusu saa inatosha. Kikao hiki huharibika kwa njia zinazojulikana. Baba hukigeuza baraza la kesi, na watoto wanaacha kufungua mdomo. Televisheni huachwa inanong'ona pembeni. Au siku huhamishwa mara mbili kwa sababu ya wageni, na ya tatu hakuna anayekumbuka. Wageni wakija, waalikwe waketi.

Watu waliozoea nidhamu hiyo ndio wanaotumwa janga linapotokea. Wakati wa ukame wa mwaka 1987 Gujarat, jumuiya ilifungua kambi za mifugo zenye majani na maji. Wapo wanaouliza kwa nini ng'ombe wakati watu wana njaa. Kwa mkulima mdogo wa kule, maksai ndiye jembe. Akifa maksai, mvua ikija inamkuta mkulima hana cha kulimia, na njaa inaongezeka mwaka mwingine mzima. Tetemeko la ardhi la Bhuj, mji wa Gujarat, la tarehe 26 Januari 2001, lililoua watu wapatao 20,000, lilikutana na watu waliokwisha kuzoea kupikia umati kwenye sherehe kubwa za jumuiya. Ununuzi, ghala, jiko, ugawaji na usafi vina wasimamizi wake, na kila mmoja anajua kazi yake inaishia wapi. Chakula cha moto kilitangulia, mahema yakafuata, na baadaye vijiji na shule zikajengwa upya.

Kuna kinga moja ambayo mashirika mengi ya misaada yangefaidika nayo: sadhu hagusi fedha kabisa. Vitabu vya hesabu vinashikwa na waumini wa kawaida. Sadhu huyo huyo huchanganya wali, dengu, mboga na hata kitamu katika bakuli moja la mbao, akatia maji, ndipo akala, ili ulimi usimtawale. Waumini husimulia kwamba siku Pramukh Swami alipowekwa kuwa rais, sherehe ilipokwisha alikutwa anaosha vyombo.

Tarehe 24 Septemba 2002 watu wenye silaha walivamia hekalu la jumuiya hiyo liitwalo Akshardham, mjini Gandhinagar, Gujarat, na kuua watu zaidi ya 30, miezi michache tu baada ya machafuko makubwa kati ya Wahindu na Waislamu katika jimbo hilohilo. Pramukh Swami aliwaombea waliokufa na kuwataka watu watulie, asitafutwe wa kulaumiwa mitaani. Kulipiza kisasi hakukutokea. Mimi naihesabu hii kuwa huduma kubwa kuliko jiko lolote.

Lipo linalolalamikiwa, nalo lina uzito: masadhu hawazungumzi na wanawake, na wanawake huketi upande wao katika mikutano. Wanawake wana vikao na viongozi wao, lakini mlango wa kwenda kwa guru mwenyewe kwao ni mwembamba.

Msomaji wa dini yoyote anayetaka kujaribu sehemu ya haya aanze na daftari kwa mwezi mmoja kabla ya kuahidi fungu lolote, ili ajue kipato chake ni kiasi gani hasa. Kosa la kawaida ni kungoja kutoa katika kinachobaki mwisho wa mwezi, na kwa wengi wetu hakibaki kitu. Fungu lipigiwe hesabu siku mshahara unapoingia, litengwe, na liandikwe kwenye daftari hilohilo limekwenda kwa nani.