Rangi ziko jikoni: sanaa ya kufanya nyumbani na vijana wa miaka 12 hadi 15

Mtoto wa miaka sita ukimpa penseli hakuulizi achore nini. Anachora nyumba, anachora jua lenye mikono, anakuchora wewe ukiwa mrefu kuliko mwembe, na anaridhika. Ngoja afike darasa la saba au kidato cha kwanza, umpe penseli ile ile. Atakwambia, "Mimi sijui kuchora." Kipaji hakijapotea. Macho yake yamekomaa kabla ya mkono: anaona wazi kwamba mtumbwi alioutoa haufanani na mitumbwi ya wavuvi kule ufukweni Kibirizi, na katika umri ule hakuna kinachouma kama kuchekwa.

Wakati wa likizo, hasa Desemba mvua zinapotufungia ndani hapa Kigoma, nyumba yangu hujaa wapwa zangu na watoto wa majirani wa rika hilo. Nimejaribu nao mengi. Mengine yalikufa siku hiyo hiyo, mengine waliyarudia wenyewe bila kusukumwa. Ninachowaambia wazazi wenzangu ni hiki: kijana wa umri huu mpe kwanza kazi ambayo kufanana si kipimo chake. Atengeneze rangi, achome mkaa, agonge chapa. Kuchora kitu kikafanana kutakuja baadaye, mkono ukishazoea vifaa.

Anza na manjano ya kupikia, kwa sababu huwashangaza haraka. Koroga kijiko cha unga wa manjano kwenye maji kidogo ya moto, paka karatasi nzima kwa kitambaa, anika ikauke. Pembeni uwe umeloweka majivu ya kuni tangu jana yake na kuyachuja. Sasa kijana achovye kijiti kwenye maji hayo ya majivu, achore juu ya karatasi ya njano. Maji hayana rangi yoyote kwenye kijiti, lakini yakigusa karatasi mstari unageuka mwekundu wa tofali hapo hapo. Mama yeyote anayefua analijua jambo hili: doa la mchuzi wenye manjano kwenye shati jeupe likikutana na sabuni huwa jekundu. Majivu na sabuni vyote vina besi, yaani kitu kilicho kinyume cha asidi, na manjano hubadilika rangi yakikutana na besi. Dondosha limao, ambalo ni asidi, na njano inarudi. Kijana aliyeanza kusoma kemia akiliona hili barazani kwenu atalikumbuka kuliko alivyolikariri darasani. Waonye tu kwamba maji ya majivu huchubua ngozi na ni hatari machoni, kwa hiyo watumie kijiti, wasitumie vidole. Picha hizo pia zisitundikwe juani, manjano hupauka upesi.

Kwetu huku lazima mmoja atataka kupaka mawese, na simlaumu, rangi ile inaita. Mwache apake. Mawese hayakauki. Yatalowa, yatatambaa nje ya mstari, na wiki ijayo bado yatashika vidole. Lakini mpwa wangu mmoja aliinua karatasi yake iliyolowa mawese mbele ya dirisha, akaona kivuli cha mkono wake kupitia karatasi. Tukachukua karatasi nyingine, tukaipaka mafuta ya alizeti kiasi kidogo sana, tukaifuta mpaka ikaacha kuteleza. Ikawa karatasi ya kufuatishia: unailaza juu ya picha ya samaki kwenye kitabu na mistari yote inaonekana. Kabla ya kulaza, weka nailoni nyembamba katikati, mafuta yasiharibu kitabu.

Rangi ya kudumu iko ardhini. Watume wachimbe udongo mwekundu, wa njano na wa kahawia, kila mmoja kwenye kopo lake. Uloweke, ukoroge, upitishe kwenye kipande cha khanga kuukuu ili mchanga na mizizi ibaki juu. Acha utulie, mwaga maji ya juu, anika tope. Ukikauka usage juu ya jiwe mpaka uwe laini kama poda. Kwa nyeusi, kwangua masizi chini ya sufuria. Sasa inahitajika gundi, maana udongo na maji peke yake vikikauka hupukutika. Nyumba nyingi za Kigoma hazikosi unga wa muhogo: pika uji mwepesi sana, usio na madonge, upoe, changanya na poda ya udongo. Tengeneza kidogo cha kutosha siku hiyo, kwa kuwa uji ule huchacha. Kiini cha yai nacho hushika vizuri sana, hata wachoraji wa Ulaya walikitumia kwa karne nyingi kabla rangi za mafuta hazijashika nafasi, ila mimi naona bora yai liliwe.

Karatasi isikusumbue. Kalenda za mwaka uliopita zina mgongo mweupe, maboksi ya sabuni yapo madukani, na mfuko wa saruji ukikung'utwa nje na mtu mzima na kufutwa kwa kitambaa kibichi hutoa karatasi imara inayobeba rangi ya udongo bila kupinda. Kijana akilalamika kwamba hana vifaa vya kweli, mweleze habari za Edward Saidi Tingatinga. Alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye hadibodi na kwa rangi za kupaka baiskeli. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, na hadi leo mtindo wake wa kuchora unaitwa kwa jina lake.

Mkaa wa kuchorea una utamu wake, ila hapa mtu mzima asibanduke. Chukua vijiti vikavu vinene kama penseli, vya mti laini, maana mti mgumu hutoa mkaa unaokwaruza. Menya maganda, vipange vibanane kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, toboa tundu dogo kwenye kifuniko, weka kopo motoni. Moshi utatoka kwenye tundu. Moshi ukikoma, epua na uache kopo lipoe kabisa, hata kama wanakusumbua. Likifunguliwa la moto, hewa ikiingia vijiti vinawaka na mnabaki na majivu.

Siku ya mkaa ndiyo siku ninayowachoresha vitu vya kweli, na nina sharti moja: mtu achore kiatu, au mkono wake wa kushoto, bila kutazama karatasi hata mara moja. Macho yafuate ukingo wa kiatu polepole na mkono ufuate macho. Picha zote zinatoka zimepinda, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake, lakini tazama lile eneo la kamba za kiatu: mistari iko hai kuliko yoyote waliyowahi kuchora. Mvua ikiacha tunashuka ufukweni Katonga na maboksi yetu. Nenda siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika kwa kuwa taa zao hazivuti samaki mbele ya mwezi. Mitumbwi inakuwa imetulia ufukweni, nyavu ziko nje zinashonwa, na wavuvi wenyewe wana nafasi ya kumwambia kijana kwamba amesahau kuchora boriti.

Chapa ni rahisi, sina haja ya kuzieleza sana. Bamia ikikatwa upande hutoa ua, shina la jani la mpapai hutoa duara, kiazi hukubali umbo lolote la kisu. Wasichana na wavulana wote wanazipenda, na mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi cherehani hupokea chapa vizuri upande wa nyuma.

Sasa wewe mzazi. Usishike kalamu kurekebisha kazi yake, hata mstari mmoja. Usiseme "dada yako alichora vizuri zaidi." Na lile swali la "hii ni nini?" liache kabisa, kwa kijana lina maana kwamba ameshindwa. Uliza "hii rangi umeipataje?" au "hapa ulianzia wapi?" Atakaa nawe akueleze, na vijana wa umri huu si wepesi wa kukaa na kueleza.

Kazi za udongo zihifadhiwe zimelazwa, zisikunjwe, la sivyo rangi itapasuka kwenye mkunjo. Za mkaa ziwekwe katikati ya kurasa za gazeti, kila moja na ukurasa wake, na tarehe iandikwe nyuma kwa penseli kabla hazijachanganyika na za wenzake.