Haki yako baada ya kuporwa Kisauni

Dada yangu, pole sana. Umeeleza kwamba vijana wenye mapanga walikupora simu Kisauni, Mombasa, wakakujeruhi mkono, ukaandikisha taarifa kituoni, kisha ukaachwa bila habari. Rudi na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), umwombe afisa anayechunguza akueleze kesi imefika wapi. Ukipuuzwa, peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru ya Kenya inayosimamia utendaji wa polisi. Usingoje jeraha la mkono lipone kabla daktari hajajaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014 inakupa haki ya kusikizwa, na kabla ya adhabu kutolewa waweza kuieleza mahakama hofu inayokuzuia kwenda kazini alfajiri, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko bei ya simu iliyoibwa.