Muuaji Unamjua Tayari: Namna ya Kurudia Riwaya ya Ujanani

Dada mmoja wa Moshi ameniandikia wiki hii. Ameipata tena riwaya ya mauaji aliyoisoma kidato cha pili, bwenini, kwa tochi chini ya shuka. Ameifikisha katikati, akaiweka. "Muuaji namjua, hao vijana wenyewe wananichosha, na naona aibu kwamba niliwahi kukililia kitabu hiki." Anauliza aendelee au aachane nacho.

Dada yangu, endelea, ila anza upya, na safari hii anzia mwisho. Soma sura mbili za mwisho kwanza, andika kwenye daftari muuaji ni nani, aliua kwa sababu gani, na mpelelezi ametaja ushahidi upi. Ndipo urudi ukurasa wa kwanza. Ukisoma kama hujui, utachoka, kwa kuwa raha uliyokuwa nayo ukiwa na miaka 15 ilikuwa ya kukisia. Raha ya sasa ni kumkamata mwandishi anavyoficha.

Na hiyo aibu iache. Inaniuma kuona vitabu hivi vikiitwa vya kihuni mpaka leo, na wanaoviita hivyo ni watu waliojifunza kusoma haraka kwa sababu yake. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili si mgeni wa jana: Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, anafikiri kuliko wahusika wengi wa vitabu tunavyoviita vya heshima.

Kwanza nakala. Ukinunua ya mtumba kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, Arusha au Moshi, kagua kurasa za mwisho kabla hujatoa hela. Gundi ya mgongoni ikikauka, karatasi za mwanzo na za mwisho ndizo zinazoachia mapema, kwa sababu jalada linazivuta kila kitabu kinapofunguliwa. Riwaya ya mauaji isiyo na kurasa kumi za mwisho haikufai hata kwa bure. Karatasi zilizolegea zirudishe kwa gundi nyeupe ya mbao, mstari mwembamba tu, kisha kilaze kitabu chini ya kitu kizito usiku kucha. Usitumie selotepu. Inageuka njano, na gundi yake inavujia kwenye maandishi.

Kitabu cha kurasa 180 kina maneno kama 45,000. Kukisoma tu ni saa nne hivi, na ukiandika weka saa nane, yaani jioni tano au sita. Daftari la kurasa 64 linatosha. Chora safu tatu: ukurasa, nani kasema, kasema nini. Usiandike kila kitu, utakata tamaa kwenye sura ya tatu. Andika vitu vinavyoshikika, saa, na majibu ya watu wanapoulizwa walikuwa wapi.

Sasa angalia jinsi dalili inavyofichwa. Chukua sentensi kama hii: "Juu ya meza ya matroni palikuwa na kandili, funguo za bwalo zilizofungwa utepe mwekundu, na barua ambayo haijafunguliwa. Mara kengele ikalia, wala haikuwa saa yake." Kijana anaishika barua, kisha anaikimbilia kengele. Funguo zimewekwa katikati ya vitu vitatu, zikafunikwa na kelele, na sura kumi mbele utepe mwekundu unaokotwa chini ya ngazi. Ukirudia, kila uonapo vitu vitatu vimepangwa na tukio likafuata papo hapo, kiandike kile cha katikati. Si kila mara kitakuwa chenyewe, lakini ni mara nyingi kuliko utakavyotarajia.

Njia nyingine ni kuiweka kweli kinywani mwa mtu asiyesikilizwa: mtoto, mlevi, mpishi wa shule. Hii utaiona upesi.

Iliyo tamu zaidi imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Mpelelezi anauliza, "Ulikuwa wapi saa tatu usiku?" Anajibiwa, "Mimi saa tatu huwa nimelala." Rudia hilo jibu polepole. Hajasema alikuwa amelala usiku ule. Amesema huwa. Ametaja mazoea yake, akaliruka swali, na ukiwa na miaka 15 umeshafungua ukurasa unaofuata. Piga mstari kila "huwa" na kila "hu-" inayotolewa kujibu swali la usiku mmoja.

Vivyo hivyo na "a-" yetu. "Alisimama mlangoni, akavua viatu, akaingia taratibu." Ni mwanamume au mwanamke? Mwandishi wa Kiingereza angehangaika kukificha hicho. Wetu anapewa bure. Kwa hiyo chunguza yanayoponyoka: kanga, kaka, shangazi, na zaidi ya yote kuoa na kuolewa. Neno moja la namna hiyo kwenye sura ya pili linaweza kumwondoa mtu uliyemshuku kitabu kizima.

Kama riwaya ni ya kutafsiriwa, kagua saa. Kosa linalojirudia ni kuacha namba ya Kizungu ilivyo, saa mbili usiku ikawa saa nane. Linganisha na mwanga: jua likizama saa saba, mwenye kosa ni mfasiri, usimsingizie mtuhumiwa.

Halafu kuna daktari wa kitabuni anayeinama juu ya maiti na kutamka, "Amekufa saa nne na robo." Hakuna daktari anayeweza hivyo. Ukakamavu wa mwili huanza kuonekana tayani na usoni baada ya saa mbili hadi nne, huenea mwili mzima kwenye saa 12 hivi, na joto huuharakisha. Maiti ya usiku wa Julai Arusha, mji ulio mita 1,400 hivi juu ya bahari, haitakwenda sawa na ya Februari Moshi, mji ulio chini zaidi na wenye joto. Damu nayo hushuka upande wa chini, na madoa yake hutulia baada ya saa nane hadi 12, yaani hayahami tena hata mwili ukigeuzwa. Maiti ikikutwa kifudifudi na madoa yametulia mgongoni, imegeuzwa. Waandishi wazuri hutumia hilo, na wavivu hutumia saa ya mkononi iliyovunjika.

Sehemu itakayokuumiza ni watu wazima wa kitabuni. Yule mwalimu kijana uliyemwona anapendeza, anayemwandikia mwanafunzi barua, msome tena. Kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kulala na mwanafunzi wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama alikubali. Kitabu kinaweza kumwita mpenzi aliyevunjika moyo. Wewe ni mtu mzima sasa, usikubali jina hilo. Hesabu pia sentensi zinazomhusu marehemu baada ya sura ya tatu, na za mama yake. Mara nyingi mama analia mstari mmoja, kisha vijana wanarudi kwenye mapenzi yao. Ziandike namba hizo, dada, kwa sababu wewe sasa una umri wa yule mama.

Ukitaka kumpa mwanao baadaye, pitia pambizo zote. Msomaji wa zamani huwa ameandika jina la muuaji kwa kalamu ya wino karibu na ukurasa wa 40. Wino ule haufutiki kwa raba, na ukiukwangua kwa wembe karatasi inatoboka. Kata kipande cha karatasi nyeupe, kibandike juu yake kwa gundi kidogo kwenye kingo, acha kikauke kabla hujafunga kitabu.