Maswali yenu: kuchukua wamechukua, wakashikaje?

Wiki iliyopita niliandika habari ya ule usiku wa Oktoba 1917 pale Petrograd, mji mkuu wa Urusi wa wakati ule (kwa kalenda yetu ni Novemba 7), Lenin na chama chake cha Wabolsheviki walivyoingia Ikulu ya Majira ya Baridi bila kazi kubwa. Sasa mmenijazia maswali, na ukiyasoma karibu yote yanauliza kitu kimoja tu: sawa, kuchukua wamechukua, wakashikaje? Maana chama kilikuwa kidogo, nchi haina mwisho, njaa imeshapiga hodi, na haukupita mwaka kila upande kuna jenerali anakuja na jeshi lake (hao majenerali ndo Weupe, kina Lenin ndo Wekundu). Nimechukua machache, mengine nimeyafupisha, msinune.

Nipo kidato cha sita, Iringa. Mwalimu anasema Wekundu walishinda kwa sababu ya itikadi. Kweli?

Mwalimu hajakosea mdogo wangu, ila mimi ningeanza na ramani, itikadi ije baadaye. Tafuta ramani ya Urusi ya mwaka 1919 uangalie nani kakaa wapi. Wekundu wako katikati, Moscow na Petrograd na mikoa inayoizunguka, eneo lenye watu kama milioni 60, viwanda vya silaha vimo humo (Tula ndo bunduki zinatengenezwa), maghala ya jeshi la zamani la Tsar (mfalme wa Urusi aliyeondolewa) yamo humo, na reli za nchi zinakutana Moscow kama spoku za baiskeli. Weupe wako pembeni, kila mtu na kona yake: Admirali Kolchak yuko Siberia makao yake Omsk, Jenerali Denikin yuko kusini, Yudenich yuko kaskazini magharibi anatokea Estonia, na kati yao kuna maelfu ya kilomita ambazo hawawezi kupita.

Matokeo yake hawakuwahi kupiga pamoja. Kolchak kaja masika ya 1919, kapigwa, anarudi nyuma ndo Denikin naye anaanza kupanda kuelekea Moscow, kwa hiyo Wekundu wanapakia askari kwenye treni wanawatoa mashariki wanawashusha kusini, basi. Ilifika Oktoba 1919 Denikin yuko Orel, kama kilomita 350 toka Moscow, yaani Dar mpaka Tanga hivi kwa barabara, na wiki hizohizo Yudenich yuko viungani mwa Petrograd. Hapo ndo roho zilikuwa juu kwelikweli. Lenin mwenyewe alikuwa tayari kuiachia Petrograd, Trotsky, mkuu wao wa mambo ya vita, akakataa, akaenda kuipigania. Mwezi uliofuata wote wawili, Denikin na Yudenich, wanakimbia.

Na huyo Trotsky alikuwa anaishi kwenye treni. Sitanii. Toka Agosti 1918, Kazan ilipotekwa na yeye akaenda kuweka kambi kituo kidogo cha Sviyazhsk, treni ndo ikawa ofisi yake: ndani kuna mtambo wa kuchapa gazeti, kuna telegrafu, kuna redio, kuna magari ya kushushwa kwenda sehemu ambazo reli haifiki, kuna mabuti na tumbaku za kugawa. Kikosi kimekata tamaa, treni inafika, wanapata viatu na hotuba, na waliokimbia vita wanapata risasi. Hapo Sviyazhsk kikosi kilichotoroka kilipigiwa hesabu, mmoja kati ya kila kumi akauawa, kamanda na kamisaa wao (mtu wa chama anayemsimamia kamanda) wakiwemo.

Kaka, mbona uchaguzi walishindwa? Nani aliwapa haki ya kuendelea?

Hakuna aliyewapa. Uchaguzi wa Bunge la Katiba ulifanyika Novemba 1917, Wabolsheviki wakapata kama robo ya kura, wale Wanamapinduzi wa Kisoshalisti, chama cha wakulima, wakapata karibu asilimia 40. Bunge likakaa siku moja tu Januari 1918, usiku wa manane baharia mkuu wa ulinzi akamwendea spika akamwambia walinzi wamechoka, muondoke. Kesho yake wakakuta milango imefungwa.

Watu hushangaa mbona nchi haikulipuka. Ila hiyo robo ya kura uangalie ilitoka wapi: ilitoka miji mikubwa, Petrograd na Moscow, na kwa wanajeshi wa sehemu za vita zilizo karibu na miji hiyo. Yaani walikuwa wachache lakini wamekaa penyewe. Na mkulima kijijini ardhi ya kabaila alikuwa ameshaigawa, amri ya ardhi ilitoka siku ya pili tu ya mapinduzi, tena Lenin aliinakili kutoka kwenye madai ya chama hichohicho cha wakulima kilichomshinda! Sasa mkulima atoke shambani akafie bunge la nini.

Kwa nini walikubali mkataba wa aibu na Mjerumani?

Huo ni mkataba wa Brest-Litovsk, Machi 3, 1918, uliowatoa kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Poland imeenda, Baltiki imeenda, Ukraine imeenda, na makao ya serikali yakahamishiwa Moscow maana Petrograd ilikuwa imeachwa wazi kwa adui. Nusu ya chama ilikuwa inachemka, Bukharin, kiongozi mwenzao, anataka vita vya kimapinduzi, Lenin akatishia kujiuzulu. Hoja yake ilikuwa rahisi, jeshi hatuna, askari wamerudi kwao, tununue muda. Novemba mwaka huohuo Mjerumani akaanguka na mkataba ukatupwa kapuni.

Mimi nikiulizwa siri ya hawa watu ni hii, walikuwa na uwezo wa ajabu wa kula matapishi yao wenyewe. Leo tunasema hivi, kesho tunafanya kinyume, keshokutwa tunaeleza kwa nini kinyume ndo ulikuwa msimamo wetu toka mwanzo. Denikin na Kolchak walishindwa hapo. Kauli yao ilikuwa Urusi moja isiyogawanyika, na waliishikilia hata pale ilipowaua: Mfini alikuwa anaweza kusaidia kuipiga Petrograd, anachotaka ni kutambuliwa uhuru wake tu, Kolchak akagoma.

Jeshi Jekundu liliongozwa na wafanyakazi wa viwandani kama tulivyosoma?

Kwenye mabango ndiyo. Kazini, makumi elfu ya maofisa wa zamani wa Tsar waliingizwa, wakaitwa wataalamu wa kijeshi ili neno ofisa lisiwachome watu. Mkuu wa majeshi wa kwanza, Vācietis, alikuwa kanali wa Tsar, na aliyempokea 1919, Kamenev (sio yule Kamenev mwanasiasa), naye kanali wa Tsar. Kila mmoja pembeni yake akawekewa kamisaa wa chama, amri haitoki bila sahihi ya pili. Neno kamisaa tunalo na sisi, ila msichanganye na kamisaa wa sensa, yule wa kwao alikuwa anabeba bastola. Na familia za maofisa ziliandikwa majina na anwani, ofisa akihamia kwa adui, mke na wazazi wanakamatwa.

Stalin hakulipenda jambo hili hata kidogo. Kule mji wa Tsaritsyn 1918 aliwakamata maofisa hao, akagombana na Trotsky mpaka Lenin akamrudisha Moscow. Ule ugomvi wao mnaousikia wa miaka ya baadaye mbegu yake ni hapo.

Hiyo Cheka ni nini? Jina tu linanichekesha.

Kwa Kiswahili linachekesha, kwao mtu akilisikia alikuwa anashusha sauti. Ni kifupi cha maneno mawili ya Kirusi, tume ya dharura, iliundwa Desemba 1917 chini ya Dzerzhinsky, ya kupambana na wapinga mapinduzi na hujuma. Mwanzoni ilikuwa ofisi ndogo. Agosti 30, 1918 asubuhi mkuu wa Cheka wa Petrograd, Uritsky, akapigwa risasi akafa, jioni Moscow Lenin akapigwa risasi akitoka kuhutubia kiwandani (alipona, na Fanny Kaplan, mwanamke aliyekamatwa kwa kosa hilo, akauawa siku chache baadaye bila kesi). Septemba 5 ikatoka amri ya Ugaidi Mwekundu, na kuanzia hapo mtu anauawa kwa sababu ya tabaka lake, alikuwa nani, baba yake alifanya kazi gani, sio lazima awe amefanya kitu. Waliouawa ni makumi elfu.

Na kabla hujasema Weupe walikuwa afadhali, Ukraine 1919 askari wa Denikin walipita vijijini na mijini wakiua Wayahudi na kupora. Hakuna mtu msafi kwenye hii habari, ukimtafuta utachoka.

Mimi ni mkulima. Wakulima walikuwa ndo wengi, kwa nini waliwakubali watu wanaowanyang'anya nafaka?

Mzee wangu, hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni pambizo.

Hawakuwakubali. Kuanzia 1918 mjini hakuna chakula, Petrograd ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2 mwaka 1917, ilipofika 1920 wamebaki kama laki saba, waliobaki wanachoma fanicha wapate moto. Serikali ikaunda vikosi vya chakula, wafanyakazi wenye bunduki wanaingia kijijini, wanapima, wanachukua, na toka Januari 1919 ikawa kila mkoa unapangiwa kiwango utake usitake. Kwa karatasi wanachukua ziada, kwa kweli wanachukua mpaka mbegu. Wakulima wakaficha, wakapunguza kulima, wakawaua watu wa vikosi. Na vijana wao jeshini wakatoroka, mwaka 1919 peke yake watoro walizidi milioni moja, wamejaa porini mpaka wakaitwa Kijani, sio Wekundu sio Weupe.

Sasa angalia kilichotokea Denikin alipopanda kaskazini. Nyuma ya jeshi lake wanarudi makabaila. Wengine wanakuja na askari, wanadai ardhi yao, wanadai sehemu ya mavuno, wengine wanawachapa viboko wazee wa kijiji kwa kosa la kugawana shamba 1917. Habari ikaenea. Na watoro wale wale waliokuwa wamejificha porini wasiende kupigana wakaanza kurudi jeshini kwa makumi elfu, serikali ikatangaza msamaha, wakapokelewa. Hawakurudi kwa sababu wamempenda Lenin. Walipima: huyu anachukua magunia yangu, yule anachukua shamba lenyewe, na shamba likienda magunia ya mwakani nayo yameenda. Hesabu ya mkulima yeyote, na wewe ungeipiga hivyohivyo.

Wabolsheviki wengine hawakuielewa hii, walidhani wamependwa. Wrangel, jenerali wa mwisho wa Weupe, akafukuzwa Crimea Novemba 1920, watu kama laki moja na nusu wakapanda meli kwenda Uturuki, kabaila harudi tena, na huku kusini mashariki ya Moscow mkoa wa Tambov ulikuwa umeshawaka toka Agosti, Antonov ana jeshi la wakulima la makumi elfu. Hofu ya kabaila imekwisha, imebaki hasira ya magunia. Tambov ilizimwa 1921 na Tukhachevsky, kamanda wa Jeshi Jekundu, kwa kuteka familia mateka na hata amri ya kutumia gesi ya sumu msituni. Dhidi ya wakulima wa nchi yake mwenyewe.

Si mataifa mengi yalivamia? Uingereza, Ufaransa, Marekani, Japani... walishindwaje?

Walikuja, ila hawakuja kupigana kwelikweli. Mwingereza kashuka Murmansk na Arkhangelsk, Mfaransa Odessa, Mjapani ndo alileta wengi, kama 70,000, na yeye alikuwa na mambo yake ya Mashariki ya Mbali. Askari walikuwa wametoka vita ya miaka minne wanataka nyumbani, Aprili 1919 mabaharia wa Ufaransa Bahari Nyeusi wakaasi. Silaha walizogawa ziliwasaidia Weupe, lakini pia ziliwapa Wekundu hotuba ya bure: hawa ni vibaraka wa wageni.

Makhno je?

Huyu alikuwa na jeshi lake la wakulima kule Ukraine, sio Mwekundu sio Mweupe. Aliungana na Wekundu kumpiga Wrangel Oktoba 1920. Novemba Wrangel kaondoka, Novemba hiyohiyo wakamgeukia Makhno. Alikimbilia Romania mwaka uliofuata.

Dada mmoja wa Mombasa: Kronstadt walikuwa mabaharia wa mapinduzi wenyewe, waliuawa kwa nini?

Kronstadt ni ngome ya jeshi la majini kisiwani, karibu na Petrograd. Waliuawa kwa sababu waliomba kile walichoahidiwa. Petrograd ilikuwa na migomo Februari 1921, mabaharia wakapitisha azimio: uchaguzi mpya wa masovieti (mabaraza ya wafanyakazi, askari na wakulima) kwa kura ya siri, uhuru wa kusema kwa wafanyakazi na wakulima, wafungwa wa kisoshalisti waachiwe, vikosi vya kuzuia chakula barabarani viondolewe. Serikali ikasema ni njama ya jenerali wa Weupe. Bahari ilikuwa bado barafu, shambulio la kwanza likashindwa, la pili usiku wa kuamkia Machi 17 askari wakatembea juu ya barafu wamevaa nguo nyeupe, na wajumbe kama 300 wa Kongamano la Kumi la chama wakaacha viti wakaenda nao. Maelfu ya waasi walikimbilia Finland kwa miguu juu ya barafu hiyohiyo.

Na siku mbili kabla ya shambulio hilo, kongamano lilikuwa limepitisha nini? Kufuta unyang'anyi wa nafaka, mkulima alipe kodi halafu kinachobaki auze sokoni. Yaani wewe uliyedai hivyo Tambov unapigwa gesi, na unachodai unapewa. Matapishi tena. Wakati huohuo wakapiga marufuku makundi ndani ya chama, hiyo nayo haikuondoka tena. Njaa ya 1921 na 1922 iliwakuta watu ghala tupu, walikufa kama milioni tano.

Ile dhahabu ya Tsar ilienda wapi?

Nilijua mtauliza hela. Ilikuwa imehifadhiwa Kazan, Weupe wakaiteka Agosti 1918, ikafika kwa Kolchak, akatumia sehemu yake kununua silaha nje. Alipokimbia aliiburuza kwa treni reli nzima ya Siberia, reli ambayo ilikuwa mikononi mwa askari wa Czech waliokwama Urusi toka wakati wa vita na waliokuwa wanataka kitu kimoja tu, kufika Vladivostok wapande meli kwenda kwao. Wakamkabidhi Kolchak kwa wapinzani wake pale Irkutsk Januari 1920, akapigwa risasi Februari 7, mwili ukasukumiwa chini ya barafu ya mto. Dhahabu iliyobaki, na ilikuwa nyingi, nayo wakaikabidhi kwa Wekundu ili njia ifunguliwe. Ikapakiwa ikarudi Kazan ilikotoka.

Swali la Rasputin, yule mtu wa dini aliyekuwa karibu na familia ya Tsar, nimelipokea mara sita. Halimo humu, alikuwa ameshakufa toka 1916.